Delhi mpaka Madhubani: nani anachora, nani anaweka sahihi

Tangu nimerudi Tanga kila anayekuja kuchorwa piko ananiuliza, vipi, India ulikwenda kutibiwa? Hapana jamani, mzima wa afya. Na sikufuata dhahabu wala madera ya kuuza. Nilifuata michoro ya wanawake, hasa ile ambayo zamani ilikuwa kwenye kuta za chumba cha maharusi huko Madhubani, eneo la Mithila kwenye jimbo la Bihar, kaskazini karibu na mpaka wa Nepal, ambayo siku hizi watu wanaishi kwayo na mabinti wanaitumia kusema mambo ambayo mezani kwa wazee hayasemeki. Mimi kazi yangu ni hina na piko kwa maharusi, kwa hiyo mnaelewa kwa nini niliweka akiba ya harusi za msimu mzima kwa ajili ya hili.

Haya yametoka kwenye notsi za simu, risiti na picha. Bei ni za Februari 2024, na hesabu ya haraka ni kwamba rupia 100 ilikuwa kama shilingi elfu tatu za kwetu.

Jumamosi 3 Februari, Dar – Addis – Delhi

Safari ya ndege haina hadithi, nililala. Viza niliomba mtandaoni, ikaja kwa imeili, niliichapisha kwenye karatasi maana pale dirishani wanataka kuiona mkononi. Bebeni na kadi ya homa ya manjano, mimi niliulizwa kabla hata ya pasipoti.

Kutoka uwanjani usihangaike na teksi kama mzigo wako mdogo. Kuna treni ya mwendokasi ya uwanja hadi kituo cha New Delhi, rupia 60, dakika kama ishirini umefika mjini wakati wenzio bado wako kwenye foleni. Kwenye metro za kawaida behewa la mbele kabisa ni la wanawake, nilikuwa nazubaa katikati ya umati wa wanaume, mama mmoja wa sari ya kijani akanivuta mkono bila kusema kitu, tukakimbia wote hadi mbele, mlango ukafungwa nyuma yetu, akacheka, akaanza kushika rasta zangu moja moja kuhakikisha. Nilimwachia, alikuwa ameshanipa siti.

Chumba Paharganj rupia 1,400, maji ya moto asubuhi tu. Na Februari ile Delhi usiku ni baridi ya Lushoto kabisa, msidanganywe na neno India mkabeba magauni mepesi matupu.

Jumapili 4 Februari, Delhi

Makumbusho ya taifa ya sanaa ya kisasa, NGMA, iko kwenye jumba la zamani la Jaipur House karibu na India Gate. Mwenyeji analipa rupia 20, mgeni 500. Mia tano! Nikalipa huku nanung'unika. Jumatatu wanafunga, mpange siku zenu.

Nilikuwa namtaka Amrita Sher-Gil. Baba Msikh, mama Mhungari, kazaliwa Budapest 1913, kasomea uchoraji Paris, akarudi India akaanza kuchora wanawake wa vijijini na wa majumbani, akafa Lahore 1941 akiwa na miaka 28 tu. Kuna mchoro wake wa 1935, mabinti watatu wamekaa pamoja, nguo zinawaka rangi lakini nyuso zimeinama, hakuna hata mmoja anayekutazama. Mimi nimewaona mabinti wale. Wanakuja kwangu siku mbili kabla ya nikaha, shangazi anaongea, mama anaongea, bibi harusi mwenyewe ananyoosha mikono tu. Nilikaa kwenye benchi mpaka mlinzi akaja kuniangalia kama nimeumwa.

Halafu kuna suala la hela, ambalo lilinifuata safari nzima. Septemba 2023 mchoro wake mmoja wa mwaka 1937 uliuzwa mnadani zaidi ya krore 61, yaani rupia milioni 618, hakuna mchoro wa India uliokuwa umewahi kufika hapo mnadani. Mwanamke! Nikafurahi. Ila yeye alikuwa wa familia ya uwezo, kasoma Paris, na alikuwa akiweka sahihi yake kwenye turubai. Wanawake aliokuwa anawachora, wale ambao nao majumbani kwao walikuwa wanachora kuta na sakafu, hakuna mahali walipoandika jina.

Jumanne 6 Februari, Delhi

(Jumatatu nilifua na kununua laini ya simu. Laini inataka nakala ya pasipoti na picha, na kwangu ilichukua mpaka jioni kuwaka.)

Mwenyeji wangu Delhi ni mtafsiri wa vitabu, tulijuana Instagram kwa sababu ya picha za hina. Leo alinionyesha mkusanyiko wa mabango ya harakati za wanawake uliokusanywa na Zubaan. Zubaan ni wachapishaji. Mwaka 1984 Urvashi Butalia na Ritu Menon walianzisha Kali for Women, nyumba ya kwanza India ya kuchapisha vitabu vya masuala ya wanawake, baadaye 2003 wakagawana njia, Butalia akaanzisha Zubaan. Wakaenda kwenye vikundi nchi nzima kukusanya mabango ya tangu miaka ya sabini, mengine yalikuwa yameliwa na mchwa kwenye mafaili.

Tulikaa sakafuni na chai tukiyapitia. Mengi yanahusu mahari, na hapa msomaji wa pwani inabidi ajue kwamba mahari ya kule inatoka upande wa mwanamke kwenda kwa mwanamume. Pesa, friji, pikipiki, gari. Sheria ya kuikataza ipo tangu 1961, na mpaka leo serikali yao yenyewe inahesabu zaidi ya wanawake elfu sita kila mwaka wanaokufa kwa sababu ya mahari. Mwenyeji akanisimulia kuhusu Satyarani Chadha, mama wa Delhi, bintiye mjamzito alikufa kwa moto mwaka 1979 ukweni baada ya wakwe kudai skuta. Mama yule alikaa mahakamani zaidi ya miaka thelathini. Katikati akawa anaandamana na wamama wengine waliofiwa kama yeye, na picha yake ilipigwa na Sheba Chhachhi, ambaye alikuwa mpigapicha na mwanaharakati humohumo ndani ya maandamano, yaani hakuwa mtu wa gazeti aliyekuja na kuondoka.

Nikauliza mbona mabango hayana majina ya wachoraji. Akasema mengi yalichorwa na kundi, usiku, kwa rangi za kuazima, na hawakutaka jina la mtu mmoja, bango lilikuwa la wote. Nikamwambia sawa, lakini kuacha jina kwa kupenda ni kitu kimoja na kutoulizwa jina ni kitu kingine. Akaniangalia akasema, ngoja ufike Bihar.

Jioni wenzake walikuja, tukala rajma na wali. Wakaimba ule wito wa azadi, uhuru, mmoja anaita wengine wanajibu. Kamla Bhasin, aliyefariki 2021, ndiye aliyeuleta India baada ya kuusikia kwa wanaharakati wa kike wa Pakistan miaka ya themanini. Nchi mbili hazipatani, wanawake wanaazimana nyimbo.

Jumatano 7 Februari, Delhi

Metro ya magenta hadi Jasola Vihar Shaheen Bagh. Mnakumbuka Desemba 2019, ilipopitishwa sheria ya uraia ya kuwafungulia njia wahamiaji wa nchi za jirani isipokuwa Waislamu. Wanawake wa mtaa huu, wengi Waislamu, mabibi kwa wajukuu, walikaa barabarani kuanzia katikati ya Desemba mpaka tarehe 24 Machi 2020 polisi walipowaondoa kwa sababu ya korona. Baridi ya Delhi ndiyo hiyo niliyoisema, na wao walilala nje. Bibi Bilkis, miaka 82, akaingia kwenye orodha ya jarida la TIME ya watu mia moja. Na pale barabarani palikuwa na maktaba, picha za kuchora lami nzima, ramani ya India ya chuma, watoto wanapaka rangi.

Sasa hivi hakuna kitu. Magari, maduka ya viatu, foleni. Nilimuuliza muuza chungwa akanyoosha kidole tu, "hapo hapo", akaendelea kupanga machungwa. Nilipiga picha ya lami. Msiende kwa kutegemea kuona kumbukumbu, nendeni mkale, mtaa una nihari na mikate ya moto kwa rupia 120, na ukisalimia kwa salaam wanaongeza mchuzi bila kuuliza.

Mchana nikapitia makumbusho ya kazi za mikono, karibu na Pragati Maidan. Pale Ganga Devi wa Mithila, mwanamke aliyepewa nishani ya Padma Shri mwaka 1984, alichora chumba kizima cha maharusi ukutani, akiwa anaumwa saratani. Alifariki 1991. Mwaka 2015 au karibu na hapo, wakati wa ukarabati, ule ukuta ukaharibiwa. Mfanyakazi mmoja mzee alinionyesha upande uliokuwepo na kutikisa kichwa. Kwa hiyo hata jina likiwa kubwa, rangi ya ukutani inafutwa na fundi mmoja tu mwenye ndoo ya chokaa.

Alhamisi 8 mpaka Jumamosi 10 Februari, ndani ya treni

Tiketi: kituo cha New Delhi ghorofa ya kwanza kuna ofisi ya wageni, unakwenda na pasipoti, wana kiti cha mgao wa watalii. Mlangoni utakutana na vijana waungwana sana watakaokuambia ofisi imehama, imeungua, imefungwa. Pita. Daraja la 3AC, yaani la tatu lenye kiyoyozi, hadi Madhubani nililipa karibu rupia 1,600, vitanda sita kwenye kichumba, shuka na blanketi vimo.

Tuliondoka usiku saa tatu na tulitakiwa kufika kesho yake usiku. Ukungu! Treni ilikuwa inatambaa, inasimama shambani, inatambaa. Kwenye kichumba changu kulikuwa na familia inarudi kwao Darbhanga, bibi, mkwewe na mtoto wa darasa la pili ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Bibi alifungua kopo baada ya kopo: litti, ile mikate ya duara yenye unga wa dengu ndani, achari ya embe, thekua za sukari guru. Nikatoa kashata za nazi nilizotoka nazo nyumbani, zikaisha kabla ya Kanpur. Halafu nikatoa koni ya hina.

Hapo ndipo treni ikawa fupi. Nilimchora mkwe mkono mmoja, wakaja wanawake wa kichumba cha pili, cha tatu, mtu wa chai akasimama kuangalia mpaka akakemewa. Bibi yeye alikataa kuchorwa, akanikunjia mkono wa sari kunionyesha chale za wino zilizofifia tangu akiwa msichana, vidoti na miduara mpaka kwenye kiwiko. Godna. Akasema mtoto akafasiri: "Bibi anasema vyako vitafutika, vyake atazikwa navyo." Kisha mkwe akamsahihisha mtoto kwamba wao hawaziki, wanachoma, kichumba kizima kikacheka.

Tulifika Madhubani saa kumi alfajiri, saa sita nyuma ya ratiba. Ile familia ilishashuka Darbhanga, lakini mwana wao alikuwa amempigia simu binamu mwenye riksha ya umeme awe ananisubiri. Alinisubiri tangu usiku wa manane. Alikataa zaidi ya rupia 50.

Jumamosi 10 na Jumapili 11 Februari, Madhubani na Ranti

Kwanza shida ya hoteli. Hoteli nyingi ndogo hazipokei mgeni wa nje maana inabidi wajaze fomu ya polisi mtandaoni, na wengine hawajui au hawataki. Nilikataliwa mara mbili nikiwa na usingizi wa kuanguka. Pigeni simu kabla, ulizeni moja kwa moja kama wanajaza C-form. Niliyopata ilikuwa rupia 1,100, mbu wa kutosha. Na wale wa bia, Bihar pombe ni marufuku tangu Aprili 2016, na waliopiga kelele mpaka ikapigwa marufuku ni wanawake wa vijijini wa vikundi vya kukopeshana.

Kituo cha treni chenyewe mchana kumbe ni maonyesho. Oktoba 2017 wasanii zaidi ya mia, wengi wanawake, walikichora kuta zote. Watu wanapiga selfi. Nikauliza walilipwaje, nikajibiwa walijitolea. Haya.

Tuwekane sawa kuhusu historia. Michoro hii wanawake wa Mithila walikuwa wanaichora ndani, kwenye chumba kinachoitwa kohbar ghar anapolala bwana na bibi harusi usiku za kwanza: yungiyungi la maji na shina lake, mianzi, samaki, kobe, kasuku, jua na mwezi. Mama anamfundisha binti, hakuna mwanaume mgeni anayeingia. Tarehe 15 Januari 1934 tetemeko kubwa likaangusha nyumba, ofisa wa kikoloni W. G. Archer akapita kukagua hasara, kuta zimefunguka, ndipo akaiona. Halafu ukame wa 1966 na 1967, watu wana njaa, Pupul Jayakar wa bodi ya kazi za mikono akamtuma msanii Bhaskar Kulkarni na karatasi, akawashawishi wanawake wachore kwenye karatasi wauze. Kuanzia hapo mchoro ukawa na bei. Na kitu chenye bei kinaulizwa ni cha nani.

Ranti iko karibu, riksha ya kuchangia rupia 20. Barabara ya kuelekea Rampatti ina miti imechorwa miungu shinani ili watu waone haya kuikata. Kijijini ukiuliza mchoraji utajibiwa nyumba gani, hii au ile au zote. Mama mmoja wa makamo alinikaribisha uani, akaniletea chai kwenye kikombe cha udongo, akaendelea na kazi. Kalamu ni kijiti cha mwanzi kimechongwa, kimefungwa pamba. Nyeusi ya masizi, njano ya manjano ya jikoni, karatasi imepakwa maji ya samadi ya ng'ombe ikawa na rangi ya ukuta. Mstari anapiga mara mbili mbili, sambamba, bila penseli, hafuti. Mimi nachora kila siku ya Mungu na nilinyamaza. Akanipa kijiti nijaribu, nikapiga jani la piko la Tanga, akalizunguka kwa mstari wake wa pili, tukacheka.

Kijiji hiki ndicho cha Dulari Devi. Yeye anatoka jamii ya wavuvi, tabaka la chini, aliolewa mtoto, mwanawe akafariki, akarudi kwao, akawa mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba ya Mahasundari Devi ambaye alikuwa mchoraji mkubwa. Kufagia huku anaangalia, mpaka akafundishwa. Mwaka 2021 akapewa Padma Shri. Mama wa uani alimtaja kwa sauti ya kawaida tu, kama unavyomtaja jirani aliyejenga. Ila alisema kitu kimoja: zamani wafanyabiashara walikuja na karatasi, wakachukua michoro kwa rupia chache, na wengi walikuwa hawajui kusoma, kwa hiyo nyuma ya karatasi likaandikwa jina la mume, au la yule mwenye nyumba ya tabaka la juu, au hakuna. Yeye alijifunza kuandika jina lake ukubwani, kwenye kikundi cha akiba, kwa sababu benki ilimtaka asaini. Ananionyesha: herufi zake za Kihindi ziko kubwa kuliko samaki aliyemchora.

Jumatatu 12 Februari, Madhubani na Jitwarpur

Asubuhi mabinti wa sare ya bluu wanajaa barabarani na baiskeli. Serikali ya jimbo ilianza kuwapa wasichana wa sekondari baiskeli mwaka 2006, na jamani ni jeshi.

Mjini kuna Mithila Art Institute, ilianza 2003, mafunzo ni bure, na ndiyo imelea kizazi ambacho hakichori Rama na Sita peke yao. Binti mmoja aliyesomea hapo alinifungulia bahasha yake nyumbani kwao, mama yake akiwepo. Karatasi ya kwanza, kitanda cha hospitali, mashine ya kupima mimba, daktari ana kichwa cha nyoka, ndani ya tumbo la mama kuna samaki na huyo samaki ni msichana. Kupima jinsia ya mimba India ni kosa tangu sheria ya 1994, lakini sensa ya 2011 ilikuta watoto wa kike 919 kwa kila wavulana 1,000 chini ya miaka saba, kwa hiyo mjue wapimaji wapo. Ya pili, bibi harusi kwenye mizani, upande wa pili skuta. Ya tatu, lile yungiyungi la kohbar lenyewe, kila jani ni mwanamke anasoma gazeti. Mistari ni ile ile miwili miwili ya bibi zake, na kwa kweli hilo ndilo lililonimaliza.

Nikauliza zinauzwa? Akasema za harusi na samaki zinauzwa kila siku, hizi zinanunuliwa na wageni na makumbusho, mara chache, lakini bei nzuri. Mama yake akadakia, na mtoto wa darasa la pili hakuwepo kufasiri kwa hiyo binti mwenyewe akafasiri huku kainamisha uso: "Mama anasema anaogopa nani ataniposa akiona mchoro wa mizani." Nilinunua wa mizani, rupia 3,000. Hatukupatana bei. Sikuona sababu ya kupatana.

Mchana Jitwarpur, kilomita chache, kijiji cha Jagdamba Devi, wa kwanza kabisa kupata Padma Shri 1975, na cha Sita Devi na Baua Devi. Baua Devi alishiriki maonyesho makubwa ya Paris 1989. Kila kibaraza kuna mtu kainama. Wanaume pia, siku hizi wengi tu, tangu hela ziingie. Sina ugomvi nao, wengine wanachora vizuri sana, lakini niliona nyumba ambayo wanawake watatu wanajaza rangi na kijana mmoja anaongea na wateja na kusaini. Nilipouliza nani kachora akasema "familia".

Na habari ya mji wiki ile ilikuwa Padma Shri mpya: mwisho wa Januari walitangazwa mume na mke, Shivan Paswan na Shanti Devi, Wadalit (wale wanaohesabiwa chini ya matabaka yote) wa jamii ya Dusadh, wanaochora kwa mtindo wa godna. Ndizo zile chale za bibi wa treni. Wanawake wa Dusadh walipoanza kuchora kwenye karatasi miaka ya sabini hawakufuata miungu ya kohbar ya tabaka la juu, wakachukua chale za mwilini mwao na hadithi za shujaa wao Raja Salhesh. Akina Chano Devi ndio waliofungua njia. Dereva wangu wa riksha, naye Paswan, alikuwa anatangaza habari hiyo kwa kila abiria utadhani kapewa yeye.

Jumatano 14 Februari, Madhubani

Sikukuu ya Saraswati, mungu wa elimu na sanaa. Shule zote zina sanamu yake ya udongo, spika zinapasua masikio, watoto hawagusi kitabu leo maana vitabu viko miguuni pa Saraswati vinabarikiwa. Na kalamu za mwanzi pia! Hakuna anayechora. Nilialikwa na mama wa Ranti, nikala samaki wa mchuzi wa haradali, majani ya tilkor ya kukaanga, makhana. Makhana ni mbegu za mmea wa bwawani zinazokaangwa zikapasuka kama bisi, kilo moja sokoni ni ghali ajabu lakini chukueni, zinafika nyumbani salama. Binti zake waliniomba hina, nikachora mpaka koni zikaisha, na mmoja wao alipomaliza akaniambia "sahihi?", akimaanisha niandike jina langu mkononi mwake. Sijawahi kuulizwa hilo na bibi harusi hata mmoja wa Tanga.

Alhamisi 15 Februari, Darbhanga – Delhi

Niliikimbia treni nikapanda ndege ya ndani kutoka Darbhanga, uwanja ulifunguliwa kwa abiria mwishoni mwa 2020, mdogo kama stendi. Ukungu ulitushikilia mpaka jioni, chakula hakuna, choo foleni. Rupia 5,200. Kama mna muda treni ina raha zaidi, hata ikichelewa kuna wa kula naye.

Delhi nayo ilikuwa imekazwa, wakulima walianza maandamano tarehe 13 na polisi walikuwa wamefunga barabara za mipakani, bajaji ya kawaida ikanizungusha saa nzima.

Ijumaa 16 Februari, Dilli Haat

Soko la kazi za mikono la INA, mgeni analipa kiingilio rupia 100. Wachoraji wa Mithila wana vibanda vyao kwa zamu. Kwenye kimoja niliona kohbar nzuri mno, rupia 7,000, sahihi ya mwanaume kwenye kona. Muuzaji ni huyo huyo mwenye sahihi. Nikamwambia natoka Jitwarpur juzi tu, mkono uliochora huu ni wa nani? Akasema wangu. Nikamwomba anichoree samaki nyuma ya kadi ya biashara. Akacheka, akaangalia pembeni, akasema basi, ni wa mke wangu, lakini wateja wanataka kumwona msanii na yeye yuko nyumbani na watoto.

Nikamwambia mpigie video. Akapiga! Mke akatokea kashika sufuria, nyuma kelele za watoto, mume akamweleza, mwanamke akacheka sana kisha akaacha kucheka akauliza anauza kwa ngapi. Akaambiwa. Wakasemana hapo Kimaithili kwa kasi, sikuambulia kitu, ila jamaa wa kibanda jirani alikuwa anakufa kwa kicheko. Mwisho jamaa akachukua kalamu, akageuza karatasi, akaandika jina la mke nyuma huku mke anamtajia herufi kwenye simu. Kona ya mbele ikabaki na la kwake. Nikalipa elfu sita na mia tano, na mke akasema nimtumie picha ya risiti, kwa hiyo nilimtumia.

Kwa watakaonunua: ombeni mchoro uviringishwe kwenye bomba la plastiki, mafundi bomba wanauza kipande kwa rupia 80, safisheni ndani, zibeni kwa mfuko na gundi. Karatasi iliyopakwa samadi ikinusa unyevu inaota ukungu. Uwanjani Dar waliniuliza ni bunduki.